Bi Punguza na Sauti ya Mzee

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bi Punguza anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili za utumishi. Hili la Bi Punguza tulimpa sisi. Mafundi wengine wakiona kompyuta inajikokota, huuliza waiongezee nini. Yeye huuliza kitoke nini.

Alianza mapokezi, akichapa kadi za wagonjwa. Kompyuta zilipoingia, wengi tulizikwepa, yeye alizisogelea. Akapelekwa kozi, akarudi fundi, na leo anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Ndiye aliyehamisha kumbukumbu zote za maabara bila kupotea jibu la mgonjwa hata mmoja. Ndiye pia aliyemfuata daktari wa meno hadi kwenye maegesho, kumsihi aondoe mchezo wa karata kwenye kompyuta ya kliniki. Daktari aliuondoa. Tunaamini hivyo.

Lakini mhasibu wetu akitajiwa Bi Punguza, husimulia habari ya baba yake. Mzee huyo, dereva wa malori wa zamani na mpiga soga hodari, alipoteza sauti baada ya upasuaji wa koo. Kompyuta ya siku nyingi iliyokuwa pale nyumbani ikawa mdomo wake: anaandika, programu inasoma kwa sauti. Mambo yalikwenda vizuri, mpaka wajukuu walipojaza michezo, mkwe akaweka programu tatu za kuzuia virusi zikawa zinagombana zenyewe, na kila mgeni akaacha chake. Mzee akiandika kwamba chai imepoa, sauti ilitoka vikombe vimeshaoshwa.

Mwisho alisusa. Akawa anakaa mezani kimya, mikono mapajani, wengine wakiongea. Kununua mashine mpya hakukusaidia, maana programu ile ya zamani ilikataa kuhamia huko, na sauti nyingine mzee hakuitaka. Mhasibu akawa anakuja kazini macho mekundu.

Jumamosi moja Bi Punguza akaenda kwao. Kwanza alinakili picha na mafaili yao yote kwenye diski ya pembeni. Kisha akaita familia nzima sebuleni, akawa anataja programu moja baada ya nyingine na kuuliza, "Hii ya nani?" Isiyo na mwenyewe ikatoka. Michezo ikatoka, wajukuu wakanuna. Mkwe akaachiwa programu moja kati ya zile tatu.

Ikabaki moja ambayo jina lake lilikuwa herufi na namba tupu. Hakuna aliyeijua.

"Futa tu, dada, hiyo takataka," mkwe akasema.

Bi Punguza akaondoa mkono kwenye kipanya, akamgeukia mwenye kompyuta. "Baba, hii unaijua?"

Mzee akasogea, akaisoma taratibu, kisha akajigusa koo. Ilikuwa ndiyo sauti yenyewe.

Ikaachwa. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa tena. Mzee akaandika, na kabla hajainua mikono sauti ikatoka: "Kaeni chini wote. Nina maneno ya tangu mwaka jana."

Mhasibu alicheka, akalia, akatoka nje kupenga kamasi. Anasema alijihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi kichwani. Siku hizi shida ya nyumba ile ni kumnyamazisha mzee, na hakuna anayejaribu kwa dhati.

Bi Punguza, umetuhudumia kwa uvumilivu, na mara nyingi ulitusaidia hata kabla hatujamaliza kulalamika. Asante sana, dada yetu. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, wewe na nyumba yako yote. Namba yako ya simu tutajitahidi kutoipiga. Ila Jumatatu ya kwanza, tafadhali, tuvumilie.