Dada Yetu Bonge, Aliyekataa Kula Mbele ya Wenye Njaa

Dada yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba fundi saa. Alikuwa kichanga mnene, baba akamwita Bonge. Jina hilo likamganda hata alipokuwa mtafiti.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto, akamaliza sekondari mwaka 1985, kisha akasomea baiolojia chuo kikuu. Mama alipomwuliza anasoma nini hasa, alijibu, “Vitu visivyoonekana, mama.”

“Haya, na ada nitalipa isiyoonekana.”

Tangu mwaka 1993 alifanya kazi katika maabara ya chuo, ghorofa ya pili. Alichunguza leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ambamo seli za kinga hukomaa. Panya akikaa na njaa, mafuta hupungua, leptini nayo hushuka, na seli nyingi za tezi ile hujiua. Panya wenye njaa waliopewa leptini walipoteza seli chache kuliko wenzao. Sisi wadogo zake alitueleza hivi: “Mafuta hupeleka habari kifuani kwamba akiba bado ipo.”

Tarehe 14 Juni 1997 aliolewa na shemeji yetu, seremala. Siku za kuwanyima panya chakula, dada naye hakula kazini. “Nimewanyima mimi mwenyewe, nitatafunaje mbele yao?” Alirudi jioni, akakuta sahani mbili zimefunikwa, shemeji hajagusa yake.

“Hao panya wako wametufungisha saumu nyumba nzima.”

“Si ungekula?”

“Na nani?”

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni, lakini shemeji hakuacha kumwita Bonge. Dada aliposhindwa kabisa kula, shemeji naye akaacha. Suruali zake zikaanza kumpwaya, na dada akaona.

“Wewe seremala, mafuta yakikuisha, nani atapeleka habari kifuani?”

“Nakusubiri.”

“Leo usinisubiri. Kula hapa hapa, nisikie kijiko.”

Shemeji alikula huku machozi yakimtoka. Dada alifumba macho, akasikiliza mpaka kijiko kilipokwaruza sahani tupu. “Umeshiba?” akauliza. Shemeji akaitikia. Dada alifariki mchana huohuo, Alhamisi, tarehe 21 Novemba 2024, nyumbani kwake.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu. Jioni bado masikio yetu yako mlangoni, tukingoja aingie akiuliza kuna nini mezani. Shemeji bado hutoa sahani mbili kabatini. Moja huirudisha, kisha anakaa na kula, kama alivyoagizwa.

Apumzike kwa amani Bonge wetu, na huko alikokwenda asikute mwenye njaa, ili naye ale.