Mwalimu Romano Anguyo na Namba Milioni Moja na Moja

Waombolezaji mliofika hapa Logiri, wa jirani na wa mbali, kwa niaba ya familia mimi Obeti, mdogo wake, nawasomea maisha ya Mwalimu Romano Anguyo, na naomba mnivumilie nisome yote, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na subira na mtu anayeruka hatua.

Alizaliwa hapa hapa tarehe 4 Mei 1953, mtoto wa pili wa wakulima wa tumbaku, akasoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, sekondari mjini Arua hadi 1971, kisha chuo cha ualimu, akahitimu 1973 akiwa mwalimu wa hesabu. Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Harriet Drateru wa Manibe, wakajaliwa watoto watano, na alipozaliwa wa nne alilalamika kwa utani kwamba nyumba sasa inagawanyika kwa mbili, mpaka wa tano, Mindra, alipokuja kuiweka sawa.

Vita ilipotukimbiza mwaka 1980 tulivuka kwenda Aru, upande wa Zaire, na huko, wakati sisi wengine tunahangaikia muhogo, yeye aliandika kwenye daftari namba zote kuanzia mbili hadi elfu, akaiacha mbili na kukata zote zinazofuata zinazogawanyika kwa mbili, akafanya hivyo kwa tatu, kwa tano, kwa saba, akaendelea mpaka zikabaki zile tu zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, ndizo namba tasa, jumla yake 168. Nakiri mbele yenu kwamba nilidhani kaka yangu amechanganyikiwa.

Tuliporudi mwaka 1986 alipata kazi katika sekondari moja ya Arua, na mwaka 1993, jina lake likiwa mezani kwa cheo cha mkuu wa shule, akataka kujua kama milioni moja na moja ni namba tasa. Aliwaeleza wanafunzi kwamba namba hiyo ikigawanyika, kigawo chake kimoja lazima kiwe chini ya elfu, kwa hiyo zile namba 168 zinatosha kuipima, akachagua wanafunzi 168, kila mmoja akapewa namba yake moja ya kugawia na kuleta baki. Ijumaa tarehe 16 Julai ilikuwa siku ya wazazi, bodi yote ya shule imekaa mbele, majibu 167 yako mkononi, amekosekana Asiya tu, binti wa mtaa wa Oli hapo Arua, aliyepewa namba 101, na ambaye alikuwa kwenye matanga ya bibi yake Koboko, na kaka yangu, kwa tamaa ya siku ile, hakumngoja, akasimama akatangaza kwamba ni namba tasa, akapigiwa makofi.

Jumatatu Asiya alirudi na karatasi yake akasema, mwalimu, ya mimi iko sifuri. Kweli, 101 mara 9,901 ni milioni moja na moja kamili. Wageni walikwishaondoka, bodi ilikuwa ikutane Alhamisi kuamua cheo, na hakuna ambaye angejua, lakini Mwalimu aliita shule nzima siku ile ile, akasema nimekosea na Asiya amepatia, akaiandikia bodi barua ya kukiri, nakala yake ikabaki nyumbani. Cheo wakampa mtu mwingine. Shemeji Harriet, aliyekwisha kuwaambia ndugu zake wa Manibe kwamba mumewe ni mkuu wa shule, alikasirika, akamwambia wazi kwamba amewaaibisha.

Mwaka 1994 alihamishiwa Koboko, akaanza upya na milioni moja na tatu, na mara hii mwenye 997 alipougua malaria, Mwalimu alipanda baiskeli mpaka kwao, akamngoja siku tatu apate nafuu, akapokea baki kumi na mbili, ndipo akatangaza kwamba hii ni tasa kweli, na hadi leo hakuna aliyeigawanya.

Alistaafu 2013. Mindra alipomwonyesha kwamba simu inamaliza kazi ile kufumba na kufumbua, alifurahi kama mtoto, akamweleza kwamba wanahisabati hawagawi namba ndefu mno kwa kila kitu, huziuliza kwa njia ya mkato, kwa vipeo vya mbili, yaani mbili inayozidishwa kwa yenyewe mara nyingi, na baki lake, na kwamba 341, ambayo ni 11 mara 31, hupita mtihani huo kwa udanganyifu, lakini ukiiuliza kwa tatu inaumbuka, kwa hiyo usitosheke na shahidi mmoja.

Kisukari kilimwanza 2019, figo zikachoka mwaka jana, akalazwa Arua tarehe 2 Machi, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuchota maji, walimu wa Arua na Koboko, na Asiya, leo naye mwalimu wa hesabu, aliyefika kabla yetu sote na kuosha vyombo vya watu. Mwisho, shemeji Harriet hawezi kusimama, amenituma niseme kwamba maneno aliyomwambia mumewe mwaka 1993 anayafuta mbele yenu, na kwamba nakala ya barua ile ya kukiri ndiyo aliyomwekea jana mfukoni mwa koti analozikwa nalo. Lala kwa amani, Mwalimu.