Marahaba Iliyonikwama

Ndugu zangu, mmeona nimesimama mbele yenu kutoa shukrani bila kuwaamkia wazee. Sijasahau adabu. Salamu nitaitoa mwishoni, nivumilieni.

Wengi hapa mliniona nikicheza. Nilikuwa winga. Kwetu Gehandu tulikuwa tunaondoa kwanza ng'ombe uwanjani ndipo mechi inaanza. Mimi nilipenda chenga kuliko goli. Na nilikuwa na utani wangu: nikimpiga beki chenga akakaa chini, nasimama juu yake naitikia, "Marahaba!" Kana kwamba ameniamkia. Watu walicheka hadi kushika mbavu, mabeki wenyewe walicheka. Basi jina langu likawa hilo, Marahaba. Timu ya mjini iliponichukua, jukwaa zima likawa linaniita hivyo. Nawaambia, ilikuwa raha.

Nikarudi nyumbani likizo, vijana wakaniomba nicheze nao mechi ya kirafiki. Mvua zilikuwa zimekatika, alama za kwato za ng'ombe zimekauka zikawa mashimo. Nikampiga beki chenga, akakaa. Nikageuka kumwitikia. Mguu ukaingia shimoni, mwili ukazunguka, goti likabaki. Lililia kama bua la mtama likivunjwa. Beki hakunigusa, jamani. Nilikuwa nimeshasema "Mara", na "haba" haikutoka.

Nikapelekwa hospitali ya Haydom kwa basi, goti limefungwa kanga ya mama. Wakanichoma sindano ya ganzi, wakanipasua. Daktari akaniambia nitatembea, ila mpira basi. Wapo wanaolia wakiambiwa hivyo. Mimi nilimuuliza kama chai imebaki. Ganzi ya miguu iliisha siku ileile. Nyingine ikabaki.

Nyumbani nikakaa kwenye kigoda, mlangoni. Mazoezi niliyoelekezwa sikufanya. Timu ilikuwa inapiga simu, halafu ikaacha, na mimi sikuona tofauti. Watoto wanapita, "Shikamoo." Siitikii. Lile neno lilikuwa la uwanjani, likanikwama hapa kooni. Na mnajua kwetu, mtu asiyeitikia shikamoo ni wa kuogopwa. Watoto wakaanza kuzungukia nyuma ya nyumba.

"Kwani ulimi nao ulivunjika?" mke wangu akaniuliza. Mimi nikasogeza kigoda kivulini.

Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuamkia. Kila asubuhi anasimama mbele yangu: "Baba, shikamoo." Anangoja. Mimi natazama mlima. Asubuhi moja akangoja sana, akanitazama mdomo, kisha akasema mwenyewe, taratibu: "Marahaba." Akaenda zake kucheza.

Sikulia. Ningependa kuwaambia nililia. Niliogopa, na hofu ile ndiyo kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni tangu Haydom. Niliona mtoto ameshajifunza kuishi bila mimi.

Kesho yake alipokuja nikafungua mdomo. Sauti ilitoka mbovu, ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Marahaba, mwanangu." Akakimbia jikoni: "Mama, baba ameitikia!" Siku hiyo nikaanza mazoezi ya goti, nimeshika nguzo ya zizi.

Siku hizi nalima, nachechemea. Mpira ukichezwa naangalia, na mara nyingi sisikii kitu. Siwadanganyi, ganzi haijaisha yote. Lakini nashukuru. Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyeongea na ukuta na hakuchoka. Nawashukuru wauguzi wa Haydom, na ninyi wa jumuiya mliokuja kuvuna mahindi yangu, mkanisalimu nikanyamaza, na bado mkarudi. Nilichojifunza ni kidogo tu: mtu asipokuitikia leo, msalimie na kesho.

Sasa, wazee wangu, shikamooni.

Itikieni kwa nguvu, tafadhali. Yule binti amekaa pale mbele, na mkinyamaza ataniitikia yeye.