Mzee Futi Ateguka Kifundo

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba cha tiba ya viungo, Mzee Futi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo lilitokana na futi ya fundi cherehani anayoivaa shingoni kutwa. Mama mmoja aliwahi kumletea kitambaa akidhani amefika kwa mshonaji. Mzee alimpima bega hadi kiwiko, akamwandikia vipimo vyote, ndipo akamwelekeza duka la mtaa wa pili.

Alianza kazi akikunja mashuka, akaenda kusoma, akarudi na cheti na ubishi mwingi. Zamani hizo uvimbe wa kifundo kilichoteguka tuliuandika kwenye faili kuwa ni mdogo, mkubwa au, siku moja, kama kiazi. Yeye ndiye aliyetuletea namba. Futi hupita chini ya unyayo, huvuka juu ya mguu na kuzunguka kifundo kwa umbo la nane, mara tatu, na mguu ambao haukuumia hupimwa kwanza, kwa sababu kila mtu hulinganishwa na mguu wake mwenyewe. Kisha mgonjwa husimama kwa mguu mmoja, hunyanyua kisigino, hupanda ngazi na kushuka. Anayeshuka akipiga soga amepona. Anayenyamaza ghafla bado.

Mwezi Mei, Mzee aliruka kidimbwi langoni akateguka yeye. Hakujali maumivu, alijali ahadi. Alikuwa na mgonjwa wa mwisho, mwashi aliyeanguka kazini, akateguka kifundo na kuingiwa na hofu ya ngazi, na alimwahidi kwamba siku ya kipimo atashuka mbele yake, tayari kumdaka. Bila kipimo hicho mwashi asingerudi kazini.

Basi Mzee akajipima, akaandika tofauti ya nusu sentimita na kujitangaza mzima. Mganga hajigangi. Nilipima upya nikapata mbili na nusu. Alikuwa ameivuta futi mpaka ngozi ikabaki na mchirizi. Kumkatalia mtu aliyekufundisha kazi si mchezo, lakini nilimkatalia kupanda ngazi. Alininunia siku mbili. Akiwa mgonjwa alikuwa msumbufu kupindukia, hata mkewe akatupigia simu akiomba tumlaze wodini.

Wiki iliyopita uvimbe ulikuwa umekwisha, na alishuka ngazi akinichambua jinsi ninavyopanga mafaili. Kesho yake alitangulia, mwashi akafuata, mikono yake ikiwa huru, mpaka chini. Tulipiga makofi. Mzee alishika kalamu asaini, akasita, kisha akanikabidhi futi na faili. Alisema alitamani mno mtu huyu apone, kwa hiyo macho yake hayaaminiki, na kwamba mimi nimeshaonyesha ninaweza kumkatalia mtu nimpendaye. Nilimpima mwashi mara tatu. Miguu ililingana. Nikasaini, na machozi yalinitoka mbele ya wagonjwa wote.

Mwashi alirudi kazini Jumatatu.

Mzee wetu, asante kwa kila ulichotufundisha, pamoja na makaripio. Nenda ukastarehe. Tunakuombea umri mrefu, afya tele, na wajukuu watakaokukimbiza uani mpaka uombe kukaa. Chumba umekiacha kwenye mikono uliyoiamini mwenyewe.