Wimbo wa Bihogo Ndani ya Shimo la Majani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Apana, apana, hiyo ni sauti ya watu waliokunywa chai asubuhi? Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Mimi ni Goreti, fundi cherehani wa hapa hapa Cibitoke, na wengine wenu nguo mlizovaa leo nimezishona mimi. Mnanijua kwamba mdomo wangu hauna breki. Lakini kuna jambo moja sijawahi kulisema hapa mbele. Leo nitalisema. Nikilia mniache nilie, nitaendelea.

Ndugu zangu, mimi nina mdogo wangu. Anaitwa Onesfori. Sikilizeni vizuri: sisemi nilikuwa naye. Ninaye.

Kwetu ni kule juu milimani. Unapita Kiriri na majumba yake ya wakubwa, unaendelea kupanda mpaka masikio yanaziba, ndipo unafika kwenye shamba la Mama yetu. Ukisimama pale uani unaona mji wote chini, unaona ziwa, na ng'ambo unaona milima ya Kongo. Baba alikufa tukiwa wadogo. Mama alitulea na jembe lake na rozari yake. Ndiyo, Mama yangu ni Mkatoliki, na msianze kunikazia macho, Mungu anamjua.

Pale shambani kuna ng'ombe mmoja jike, rangi nyekundu iliyoiva, anaitwa Bihogo. Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Onesfori ndiye aliyemnywesha maziwa kwa chupa ya Fanta mpaka akasimama. Akamtungia wimbo. Nawaambia maana yake kwa Kiswahili: "Bihogo, usilale njiani, nyumbani kuna maji." Zamani zile ng'ombe walikuwa bado wanatoka kwenda malishoni, na kila jioni Onesfori alipomrudisha aliimba wimbo huo, na mlima mzima ukamwitikia, kila mtu toka uani kwake: "Nyumbani kuna maji!" Hata wazee wanaojifanya wagumu waliitikia. Na kwetu wimbo wa mchungaji ni wake mwenyewe. Humwimbii ng'ombe wimbo aliotungiwa na mwingine, ni aibu, ni kama kuvaa kofia ya mtu akiwa hai. Kwa hiyo wimbo huo ukisikika, hakuna aliyeuliza ni nani anayepita.

Halafu Onesfori akaondoka. Alipanda boti akafuata ziwa mpaka upande wa Zambia, kutafuta maisha, kama vijana wengine. Mwanzoni alipiga simu. Alimsalimu Mama, akaniuliza mimi kama nimepata bwana wa kunivumilia, halafu akaomba simu ipelekwe zizini asikie Bihogo akipumua. Kisha simu zikawa chache. Kisha ikawa ile sauti ya mwanamke tu, nambari unayopiga haipatikani. Ole wangu, nilivyomchukia mwanamke yule!

Wimbo ukanyamaza. Na pale mlimani hakuna aliyetaja tena jina la Onesfori mbele ya Mama. Watu walikuja, wakaongea habari za mvua, habari za maharage, wakaenda. Mama akaona wamekwisha kumzika mtoto wake mioyoni. Siku moja tukiwa zizini akaniambia, "Goreti, siku Bihogo atakapotoka katika zizi hili, auzwe au afe, nitajua mwanangu harudi. Nitalala, na usiniamshe."

Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Akisema kitu, amesema.

Basi muelewe hofu yangu, ndugu zangu. Siku hizi ng'ombe hawatoki, wanalishwa zizini, na ni wewe unayewatafutia majani. Kiangazi kikikaza, majani yako wapi? Kiangazi cha mwaka juzi Bihogo alikonda mpaka mbavu zikaonekana kama ngazi. Wanunuzi wa nyama wakaanza kusimama kwenye uzio, wanasalimia kwa upole. Upole gani! Na Mama akawa anaangalia zizi, kisha anasukuma sahani yake. Bihogo akikosa, na Mama hali. Nilipanda kule kila nilipofunga cherehani, nikamkuta Mama amepungua ndani ya kitenge chake. Mvua ilifika wakati nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Nikaapa, haya hayatarudi tena.

Veterineri mmoja, daktari wa mifugo, alikuwa amewafundisha watu wa mlimani kutengeneza akiba ya majani, yeye anaita ansilaji. Unachimba shimo. Unakata mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, yakiwa bado mabichi, unayaacha yanyauke kidogo, unayakatakata kwa panga, unayatupa shimoni, unanyunyizia melasi, ule uji mweusi wa miwa, unakanyaga. Unakanyaga mpaka hewa yote itoke, kwa sababu hewa ndiyo inaozesha. Halafu unafunika kwa plastiki na udongo juu. Yanachacha bila kuoza, kama mihogo tunayovundika, na kiangazi unafungua unalisha. Lakini kazi hiyo inataka kwisha siku moja. Ukiacha shimo wazi nusu, au mvua ikiingia, umelisha funza.

Na mimi nilikuwa nimechelewa. Wakati wa kukata malaria ilinilaza, majani yakapita, yakawa magumu kama fito, tukayafyeka. Mvua za mwisho zikachipusha mengine. Hayo ndiyo yalikuwa mavuno ya mwisho. Nyuma yake ni kiangazi tu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikaitisha ikibiri, ile kazi ya pamoja, majirani wanakuja kwako leo, kesho unakwenda kwao. Lakini mnajua desturi ya ikibiri. Mtungi wa pombe ya ndizi unakaa pale kivulini, na watu wanalima huku wanauangalia. Na mimi, ndugu zangu, nilipobatizwa niliahidi kwamba pombe haitapita mikononi mwangu, si kunywa, si kutenga. Nikasema nitapika maharage na ndizi, na Fanta itakuwepo, kila mtu yake. Mzee Kabura, jirani yetu wa bondeni, alinicheka mpaka akakohoa. "Goreti, ikibiri na Fanta? Hata kwa kilio watu wanakunywa!" Wengine walisema, tutakuja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza saa. Mtu asiyeuliza saa haji.

Hawakuja!

Majani yalikuwa yamelala chini, tumeyakata jana yake mimi na Mama. Tungefanya nini? Mama akakaa kwenye kigogo akaanza kukatakata kwa panga. Mimi nikawa nabeba, natupa, naruka shimoni, nakanyaga. Ndugu zangu, mwanamke mmoja hatoshi katika shimo lile! Nikikanyaga huku, kule yanainuka. Jua likapanda, likaanza kushuka. Nikaangalia ng'ambo ya ziwa, milima ya Kongo imefunikwa na mawingu meusi, yanakuja kwetu.

Hapo nikamgombeza Mungu. Ndiyo, nilimgombeza, yeye ananijua! Nikasema, "Bwana, mimi nimekataa pombe kwa ajili yako, na wewe umenikatalia watu? Ng'ombe huyu akifa, Mama yangu anakwenda naye. Onesfori akirudi nimwonyeshe nini? Makaburi?" Nikalia humo shimoni, kamasi na melasi, miguu bado inakanyaga maana niliogopa kusimama.

Na katika kulia kule, wimbo ukatoka. Sikuutafuta. Wimbo wa Onesfori. Toka alipoondoka hakuna aliyeuimba, na mimi sikuwa na haki ya kuuimba, lakini ulitoka tu, mguu huu na mguu huu. "Bihogo, usilale njiani."

Nikasikia panga la Mama limenyamaza. Nikaogopa. Nikajua nimemvunja. Nilikuwa chini, sikuweza kuuona uso wake. Halafu, ndugu zangu, nikasikia sauti ya Mama, imekauka, inatetemeka: "Nyumbani kuna maji."

Nikaimba tena, kwa nguvu. Akaitikia tena, kwa nguvu. Bihogo akalia zizini. Tukaimba hivyo, mimi nakanyaga, yeye anakata, wote tunalia, na wimbo ukateremka mlima kama zamani.

Mara nasikia kelele. Vigelegele! Miguu inakimbia! Mzee Kabura, mtu anayetembea kwa fimbo, amekuja mbio bila fimbo, anapiga kelele, "Iko wapi mutoto? Iko wapi?" Nyuma yake wanawake, mmoja mikono ina povu la sabuni, mwingine amebeba mwiko, wanaume na majembe yao, wote wanacheka, wote wanaita, "Onesfori amerudi! Onesfori amerudi!"

Walikuja mpaka ukingoni, wakainama shimoni. Wakaniona mimi.

Ndugu zangu, nimesema mambo mengi magumu katika maisha yangu, lakini hakuna gumu kama lile. Nikasema, "Ni mimi tu. Hajarudi."

Vigelegele vikakatika. Mzee Kabura akaketi juu ya majani, akashika kichwa, akalia waziwazi, mzee mzima. Akasema, "Mi nilijua ni yeye. Nilisema, leo amefika."

Mama akasimama na panga lake. Aliwaangalia mmoja mmoja. Akauliza taratibu, "Kumbe na ninyi mulikuwa munamungoja?"

Yule mwenye povu mikononi, anaitwa Konsolata, akamwambia, "Mama, kila siku. Tuliogopa kukuumiza, ndiyo maana hatumutaji."

Mnasikia? Miaka yote ile Mama alidhani amebaki peke yake akingoja, kumbe mlima mzima unangoja! Walinyamaza kwa kumpenda, naye akadhani wamesahau. Konsolata akamkumbatia, wakalia mpaka wakachoka. Kisha Mama akafanya kitu ambacho sikukiona tangu Onesfori apande boti ile. Akacheka. Akasema, "Kabura, kumbe unaweza kukimbia."

Mzee Kabura akavua viatu. Akashuka shimoni, mikono yake begani kwangu, akasema, "Sikuja kwa Fanta yako. Imba ya mutoto." Wakashuka na wengine. Mapanga yakatoka, majani yakaruka, melasi ikanyunyizwa, na shimo lile lilikanyagwa na miguu hata siwezi kusema ya nani na nani, na kila mguu na wimbo. Plastiki ikafunika, udongo ukapanda juu, na koleo la mwisho lilipopigwa mvua ikashuka. Tulisimama pale tumelowa, tunacheka kama vichaa. Maharage yalitosha. Fanta ilimpa Mzee Kabura kwikwi, na mpaka leo ananilaumu.

Kiangazi kilipokaza, tulifungua shimo. Nilisema, kama yameoza, nitamwambia nini Mama? Harufu ikatoka, chachu na utamu pamoja, harufu ya mkate unaoumuka. Bihogo akanusa. Akaniangalia, ana dharau yule, alivyofundishwa na bwana wake. Kisha akala. Akala akasahau kwamba mimi nipo. Na mchana ule Mama alimaliza sahani yake, akaomba tena.

Ndugu zangu, sitawadanganya. Onesfori hajarudi. Jana nimepiga, na yule mwanamke amenijibu yale yale. Mimi bado nina hamu na mdogo wangu, hamu ambayo wakati mwingine inanisimamisha katikati ya mshono na sindano iko juu. Natamani anitanie. Natamani nimshonee shati, sijui hata sasa mabega yake yamekuwa mapana kiasi gani. Mtu atauliza, basi Goreti, umekombolewa nini? Nami nakujibu. Mama yangu alikuwa anakufa kwa kungoja peke yake, na Mungu amemtoa humo. Sasa kila jioni kuna mtu uani kwake anayesema, unakumbuka Onesfori alivyofanya vile? Jina lake linatajwa. Ng'ombe wake yuko zizini, mnene. Nilimwomba Mungu watu wa kukanyaga majani, akanipa watu wa kungoja nasi!

Nawe uliyeketi hapo, una mtu wako hajarudi na umenyamaza ili usiwachoshe wengine, mtumaini Bwana. Litaje jina lake kwa sauti. Hujui ni wangapi wanaolisubiri.

Mabingobingo yamefika kifuani tena. Ikibiri iko karibu, njooni, pandeni mpaka masikio yazibe. Pombe haipo, ninawaambia mapema. Na mkisikia wimbo ule unateremka toka mlimani, msiulize kwanza ni nani anayeimba. Njooni mbio, na vigelegele vyenu. Siku moja atakuwa ni yeye.