Jibini ya Haneul

Jumapili jioni, basi la kurudi Cesena lilinuka soksi chafu. Haneul, mwanafunzi kutoka Korea, aliubana mkoba wake kwa aibu. Ndani mlikuwa na jibini aliyoifuata gulioni, ile inayofukiwa shimoni miezi mitatu ili ikomae.

"Umeuziwa iliyooza, mjukuu wangu," alisema bibi aliyeketi kando yake, kikapu mapajani.

"Niliionja, bibi. Ni tamu."

"Kuonja si kunusa. Itupe, tupumue."

"Siitupi. Nimepanda mabasi mawili kuifuata."

"Basi utaila peke yako."

Abiria wakafungua madirisha. Haneul akainamisha kichwa.

Kituoni bibi akateremka na kikapu chake, bado ananung'unika. Haneul akavuta hewa, akavuta tena, kisha akashusha pumzi ndefu. Harufu ilikuwa imeteremka na kikapu.