Meza ya Watu Wanne

Kijiwe cha Bi Nuan, pale sokoni Trang, hufunguliwa kabla jogoo hajakohoa. Wagema mpira hutoka mashambani na taa bado zimefungwa kwenye paji la uso, wakaagiza kahawa nzito yenye maziwa ya kopo chini na chai ya bure ya kusuuzia mdomo, kisha wakatawala dunia hadi saa mbili. Asubuhi hiyo walikuwa wanne: Nop, waliyemwita Meli kwa kuwa alipika ubwabwa melini miaka ishirini akarudi na uongo wa kila bandari, Sit Mgema, Kamon Betri, fundi redio, na Bi Nuan mwenyewe. Wa tano, Mwalimu Thawi, alikuwa siku ya tisa kambini kwa wanajeshi. Mstaafu yule alikuwa akiandika daftari kuhusu namna nchi za kupiga kura zinavyogeuka nchi za kupiga saluti. Walimchukua, na daftari lake wakalichukua.

— Mimi Mwalimu aliniuliza swali moja tu, Sit akasema. Nchi huanza kuoza lini?

— Ukamjibu nini, profesa wa utomvu? Nop akamchokoza.

— Nikamwambia ni kama mpira. Mti huukati kwa shoka. Unakwangua gome, unene wa ukucha, kila siku. Majani mabichi, ndege wanaimba, mti wenyewe unadhani unatunzwa.

— Haba na haba hujaza kibaba, Betri akaafiki.

— We naye! Hiyo methali ni ya akiba!

— Kwani wao hawajiwekei akiba?

Wakacheka, ila si sana. Betri akainamia meza.

— Nimefungua redio mia tatu tangu hawa jamaa washike nchi. Ule wimbo wao wa jioni una mlio ndani yake. Sikio halisikii, goti linasikia. Ndiyo maana watu wanainama.

— Goti lako lina gauti, kaka, Bi Nuan akasema. Kunywa chai.

Nop, asiyevumilia mtu mwingine kumiliki uongo mkubwa kuliko wake, akavuta stuli.

— Nyie hamjatembea. Kuna bandari nilishuka, watu walipiga kura miaka kumi na mmoja kwenye sanduku lililochomelewa tundu. Karatasi haiingii! Mtu anaigusisha pale juu, anarudi nayo nyumbani. Jioni redio inatangaza mshindi.

— Na hakuna aliyesema?

— Aseme nani? Kila mmoja alidhani karatasi yake ndiyo nene!

Hapo walicheka hasa, Nop akiwazidi wote, mpaka jicho lake likaangukia ile meza ndogo kando ya mtaro.

Amri ya wanajeshi, ilipotoka, ilikuwa imesema hivi: wasikae watano meza moja wakizungumza habari za utawala. Kijiwe hakikugombana. Walipiga kura, kistaarabu, kila mtu akitumbukiza punje ya kahawa kwenye gilasi ya yule anayetaka ahame. Nop ndiye aliyehesabu. Punje tano, zote gilasi ya Thawi, hata ya Thawi mwenyewe. Mwalimu akabeba stuli yake hadi mtaroni, akawapa mgongo, akaendelea kubishana nao akiutazama ukuta. Walicheka mwezi mzima. Wanajeshi walipokuja kumtafuta mwenye daftari, hakuna aliyehitaji kunyoosha kidole. Aliyekaa peke yake alikuwa mmoja tu.

— Karibu, shemeji! Bi Nuan akashtuka.

Lamai, mkewe Mwalimu, alikuwa amesimama nyuma yao na mfuko wa nguo za mume wake.

— Sikai. Wamenipigia simu. Wanamtoa leo saa nne.

— Loo! Sit akaruka. Mungu mkubwa!

— Ameniagiza nimpitishe hapa kwanza anywe kahawa, ndipo nyumbani.

— Kahawa tu? Tutamchomea nguruwe mzima! Nop akasema.

— Hajasema nguruwe, shemeji. Mimi nauliza tu. Akija, atakaa meza ipi?

Sit akaanza kubandua utomvu kwenye kucha. Betri akazungusha kitufe cha redio iliyozimwa. Nop akahesabu stuli: moja, mbili, tatu, nne. Akazihesabu tena.

Lamai alisubiri, mfuko mkononi, mpaka Bi Nuan alipochukua kitambaa, bila kumtazama mtu usoni, akaenda kuipangusa ile meza ya mtaroni.